Taa ya Matanga

Mwabungo nzima ilimjua Chirau Boga kwa karabai zake nne. Penye maulidi, yeye. Penye harusi, yeye. Penye msiba, yeye tena, maana msiba nao una giza lake na watu hawawezi kulia huku wakikanyagana. Alikuwa mtu wa miaka arubaini na ushei, mwembamba, vidole vyeusi kwa masizi, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko mafuta aliyonunua. Ukimwita mtu wa karabai alinuna. Yeye alikuwa fundi wa mwanga, alisema, na kama huoni tofauti, shauri yako na macho yako.

Na tofauti ilikuwapo, tumpe haki yake. Wengine waliokodisha karabai waliipampu, wakaitundika popote penye msumari, wakaenda kula pilau. Chirau hakuwa hivyo. Taa ya harusi aliitundika juu, katikati, imwage mwanga mpaka kwenye hina ya bibi harusi. Taa ya matanga aliiweka chini, nyuma ya mlango, akaigeuzia ukuta uliopakwa chokaa, mwanga ukarudi chumbani umepoa, ukawafikia waombolezaji migongoni. Watu walionana vya kutosha kupeana kahawa, lakini machozi ya mtu yakabaki yake mwenyewe. "Aliyefiwa hamulikwi," alikuwa akisema, na jambo hilo alilishika kama wengine wanavyoshika sala tano. Hakuna aliyemfundisha. Alilipata mwenyewe, usiku wa msiba wa babake, taa ya mtu mwingine ilipomchoma usoni hata akashindwa kulia.

Sasa mwaka wa hamsini na saba, kabla ya mvua za vuli, watu wa sinema wakashukia Diani na lori. Walikuwa wakitengeneza picha za kufundisha umma, zile zilizokuwa zikizungushwa vijijini kwa gari na kuonyeshwa kwenye shuka katika viwanja vya skuli. Picha ya safari hii ilikuwa ya mtu aliyeumia mguu akakataa kwenda hospitali, akajitibu kwa majani mpaka akafa, akamwacha mkewe. Mkubwa wao alikuwa mzungu mmoja, Bwana Kendriki, mrefu, mwenye shati jeupe lililokuwa halimkauki jasho. Mkalimani wake aliitwa Mwero, Mduruma wa kule Kinango, Mkristo mpole aliyejibu kila swali baada ya kulifikiria kwanza. Chirau alichukuliwa abebe nyaya.

Alizibeba siku tatu. Siku tatu hizo akaziona taa za umeme zenye macho makubwa kama sinia, zikivuta moto kutoka kwenye injini iliyonguruma ndani ya lori, na moyo wake ukaharibika kabisa. Karabai nne alizozipigia kifua maisha yake yote zikawa vibatari mbele ya macho yake. Kisha Mwero akamwambia siri: mtu wao wa taa amerudishwa Nairobi na homa, na Bwana anatafuta wa kuchukua mahali pake, atembee nao nchi nzima. Amebakiwa na kipande kimoja tu cha kupiga, kigumu kuliko vyote. Atakayempatia mwanga wa kipande hicho ndiye atakayepanda lori.

Toka hapo Chirau hakulala vizuri. Kuitwa fundi na watu wasiomjua babake: hilo tu ndilo alilolitaka duniani, na sasa lilikuwa limesimama mbele yake.

Kipande chenyewe kilikuwa hiki. Mjane, siku ya kwanza ya eda, yumo bafuni peke yake, anaoga na kulia. Bwana hakutaka mabafu makubwa ya nyumba za wazungu wa Diani. Alitaka bafu la uani, dogo, la mtu wa kweli. Hajamaliza kusema, Chirau keshatoa bafu la nyumba ya dada yake Mishi. Asubuhi yake mwanamke waliyemleta kutoka Mombasa, alipofasiriwa atakalofanya, alifunga kanga zake akapanda basi. Ana mume, alisema, na hawezi kumfisha kwa mwili wake mwenyewe. Basi Chirau akamtoa na Mishi pia.

Hapa ndipo ubaya ulipoanzia. Mishi naye alikuwa na mume, tena mume mgonjwa. Abdurahman alikuwa mkwezi, na wiki ya tatu sasa alikuwa amelazwa hospitali ya Msambweni, ameanguka na kuti bovu la mnazi, nyonga imevunjika na homa haijashuka. Kumvika mke wa mgonjwa nguo nyeupe za eda ni uchuro ambao hata mtoto wa chuo cha Kurani anaujua. Mishi alikataa, akalia, akamwuliza kakake kama amerogwa. Chirau akambembeleza siku nzima. Akamwambia kwamba picha yenyewe inawahimiza watu waende hospitali, na mumewe yuko hospitali, kwa hivyo ni dua badala ya uchuro. Ulimi huo ungeweza kumwuzia samaki bahari.

Mishi akalegea, kwa sharti moja. Kakake aende kwa mamake Abdurahman, Bi Mwanapili, akamweleze na kumwomba radhi. Yeye akisema sawa, ni sawa.

Chirau alikwenda kweli. Bi Mwanapili alikuwa mjane mwenyewe, mtoto wake aliye hai ni huyo mmoja, na nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua tu. Chirau akamwamkia shikamoo, akakaribishwa uji wa mtama, wakazungumza habari za nyonga ya mgonjwa. Neno lilimfika kooni mara mbili. Lakini alijua kabisa kwamba akiuliza atakataliwa, na lori litaondoka. Akamaliza uji, akashukuru, akatoka. Bibi huyu huenda shambani alfajiri, akajisemea, harudi mpaka adhuhuri. Atakaporudi tutakuwa tumemaliza na nguo zimeanikwa. Majirani wa upande wa pili aliwaeleza wote wasije wakashtuka. Kwa Mishi akasema, "Amekubali."

Siku ya siku watu wa sinema walifika saa mbili asubuhi. Bafu lilikuwa la mawe na chokaa, limeezekwa bati, upana wake ukinyosha mikono unagusa kuta mbili. Ndani mlikuwa na pipa la maji, kata na kigoda. Juu ya ukuta wa nyuma kulikuwa na tundu la hewa, kubwa kiasi cha kupitisha kichwa. Kamera ilipowekwa mlangoni juu ya miguu yake mitatu, mlango ukabaki upenyo tu. Bwana akasimama nyuma yake, ubavu kwa ubavu na Mwero.

Taa ya umeme wakaipenyeza pembeni. Ilipowashwa bafu likawa tanuri. Kivuli cha Mishi kikaruka ukutani, kirefu na chenye ncha, akaonekana mwizi aliyeshikwa badala ya mtu mwenye huzuni. Wakaisogeza, kivuli nacho kikasogea. Wakaizungushia karatasi, karatasi ikaanza kunuka. Mishi akachota maji kama alivyoambiwa, tone moja likakirukia kioo cha taa, nayo taa ikapasuka kwa mlio uliomfanya aanguke kutoka kwenye kigoda. Hakuumia. Lakini taa nyingine ya kuingia humo haikuwapo, na Bwana Kendriki alitoka uani akasimama na mkono kiunoni. Mwero alisema kwa sauti ndogo kwamba wakishindwa leo wataondoka jioni.

Chirau akaomba ruhusa ya kujaribu. Alipoulizwa na taa gani, akaonyesha jua.

Alikwenda kwenye chumba cha Mishi akakibandua kioo cha kabati, kile cha harusi yake, akakipandisha juu ya pipa tupu alilolisimamisha nje ya ukuta wa nyuma. Ndani, kwenye ukuta unaotazamana na tundu, akatundika doti ya bafuta nyeupe, mahali kamera haitaiona. Kisha akapanda juu ya pipa, akalikamata jua kwa kioo na kulipeleka ndani kupitia tundu, lakini si kwa Mishi. Alilipeleka kwenye bafuta. Mwanga ukapiga kitambaa, ukarudi bafuni taratibu, ukamlalia Mishi begani na shavuni. Kuta zikawa na rangi ya jivu. Maji kwenye pipa yakaonekana mazito. Ilikuwa taa yake ya matanga hasa, ila safari hii mafuta yake yalikuwa jua.

Bwana Kendriki aliinama kwenye kamera. Alikaa hapo kitambo. Aliponyanyuka alimtazama yule mbeba nyaya kwenye tundu kama ndiyo kwanza anamwona, na Mwero akafasiri kwamba Bwana anasema usitikisike.

Kutotikisika ndiyo ilikuwa kazi. Kioo kilikuwa kizito, pipa linayumba, na jua halimngoji mtu. Kila baada ya muda ilimbidi akipinde kidogo, kiasi cha upana wa ukucha. Kivuli cha minazi kilikuwa kinatambaa uani kumjia. Alikadiria amebakiwa na nusu saa.

Mara ya kwanza Mishi alioga, akakaa, machozi hayakuja. Mara ya pili alicheka kwa woga. Bwana akasema kupitia kwa mkalimani kwamba afikirie jambo la huzuni. Mishi akasema hana. Kivuli kimefika miguuni mwa pipa. Mikono ya Chirau imeanza kutetema, na aliona wazi lori likiondoka bila yeye. Akaingiza mdomo kwenye tundu.

"Mishi," akasema. "Mfikirie Abdurahman."

Dada yake aliinua macho akamtazama. Chirau hakuusahau mtazamo ule. Kisha Mishi akashusha kichwa, mabega yakaanza kupanda na kushuka, na wiki tatu za kwenda na kurudi Msambweni zikamtoka zote kwa pamoja. Tena kwa sauti. Kamera ile haikuwa inachukua sauti, angeweza kulia kimya, lakini nani huku kwetu amefundishwa kulia kimya? Ulikuwa ni ukemi wa msiba, ule unaotoka tumboni, na ukaruka ukuta wa ua ukaenda zake.

Majirani walioambiwa walitikisa vichwa wakaendelea kupepeta mchele. Bi Mwanapili hakuwa ameambiwa. Tena hakuwa shambani. Mpini wa jembe ulikuwa umekatika na alikuwa njiani anarudi, yupo kwenye mihogo nyuma ya nyumba, alipoisikia sauti ya mke wa mwanawe.

Chirau, kwa kuwa alikuwa juu, ndiye aliyemwona wa kwanza. Alimwona anavyolitupa jembe lililokatika mpini, anavyokimbia na kanga imemdondoka kichwani, mtu wa miaka sitini. Kulikuwa na nafasi hapo ya kumwita. Koo lilikuwa lake na hewa anayo. Lakini kamera ilikuwa inazunguka, kipande kilikuwa kinakwenda, na kila kitu alichokitaka kilikuwa kimebakisha dakika moja.

Bi Mwanapili aliingia uani akamwona mzungu mwenye shati jeupe amesimama mlangoni pa bafu. Wazungu wa nguo nyeupe aliowajua yeye ni wa hospitali. Akaelewa, kama ambavyo mama yeyote angeelewa, kwamba daktari amemleta mwanawe nyumbani, na kwamba mle ndani, penye maji, anaoshwa. Akamsukuma Bwana kwa bega, akapita ubavuni mwa kamera, akamkuta mkwewe kwenye kigoda katika nguo za eda. Hakuuliza. Akamwangukia Mishi, akaanza kumwita Abdurahman kwa jina alilompa utotoni.

Mishi alijaribu kusema. Kichwa chake kilikuwa kimebanwa kifuani pa bibi, maneno yakamezwa na kilio cha mwenzake. Mwero alidhani ni jirani aliyetolewa aje asaidie kuigiza. Bwana Kendriki naye alijua tu kwamba anaona kitu ambacho hajawahi kukipata maishani, ila uso wa mama yule ulikuwa umeangukia pembeni, gizani, mwanga wa bafuta haumfiki. Akanyanyua mkono bila kutoa jicho kwenye kamera, akaonyesha tundu, kisha akamwonyesha mama.

Chirau alielewa. Anatakiwa akiache kitambaa, amlenge yeye.

Na alifanya. Alikipinda kioo, upana wa vidole viwili tu, na jua likauacha ukuta likamwangukia Bi Mwanapili usoni, zima zima. Kila kunyanzi likaonekana, na meno yaliyobaki, na machozi yanavyofuata njia yake. Alishikilia kwa muda wa kusoma Alhamdu mara mbili. Ajabu ni kwamba katika muda huo mikono yake haikutikisika hata kidogo.

Kisha kivuli cha minazi kikapanda kwenye kioo na bafu likafifia. Bwana akasimamisha kamera, na hapo Mishi akapata pumzi.

"Mama, yu hai," akasema. "Wallahi yu hai, mama, ni sinema. Kaka alisema umekubali."

Ilichukua muda kumwingia. Ilibidi Mwero aingie aape kwa Mungu wake, na jirani aliyekuwa Msambweni jana yake, akamwacha mgonjwa anakula ndizi, aletwe aape kwa wetu. Bi Mwanapili akawasikiliza wote, akajifuta uso kwa upindo wa kanga. Hakupiga kelele. Alisema alhamdulillahi mara tatu, polepole, kisha akauliza Chirau yuko wapi.

Chirau alikuwa nje, na Bwana Kendriki alikuwa amemshika mkono kwa mikono miwili. Kwa miaka ishirini, alifasiri Mwero, hajaona mwanga kama ule, wala mtu mwenye mkono kama ule. Jumatatu wanakwenda Lamu. Fundi aje na mzigo wake. Neno fundi Bwana alilisema mwenyewe kwa Kiswahili. Majirani walikuwa wamejaa uani na walilisikia. Chirau alitabasamu kwa mdomo, na huo mdomo ukawa mzito.

Akamwona bibi anakuja, akamwendea yeye kwanza, akapiga goti mbele za watu. Akaungama kila kitu: uji aliokunywa, swali alilolimeza, uongo aliomwambia dada yake. Akaomba radhi.

"Ulikuwa ukiniona kutoka pale juu?" akauliza Bi Mwanapili.

"Nilikuwa nakuona, mama."

"Ukajua nalilia nini."

"Nilijua."

Bibi alimsogelea. Akamwekea mkono kichwani, maana alikuwa mtu wa dini, na akasema amemsamehe. Mwanawe yu hai, hana sababu ya kuweka kinyongo siku kama ile. Kisha akauliza kama picha ile itaonyeshwa kwa watu. Chirau akajibu kwamba itaonyeshwa.

"Mwaka juzi walileta ile ya mtu aliyetumbukia kisimani," Bi Mwanapili akasema. "Akatumbukia. Mwaka jana wakaja nayo tena, sote tunamjua, tunamwona anakuja na ndoo yake, akatumbukia vile vile. Mimi mmeniambia ukweli, nami nimeshapoa. Huyo mwanamke uliyemtia kwenye picha, mwenye uso wangu, nani atakayemwambia kwamba mwanawe hakufa?"

Chirau alibaki na goti lake chini. Mlangoni kwa Mishi injini ya lori ilikuwa imeshawashwa, na Mwero alikuwa akimwita, bwana fundi, bwana fundi, aje aonyeshe jinsi ya kukifunga kioo kisivunjike njiani.